Mfereji wa kongosho umepanuka: CT, MRCP, kamera ya ultrasaundi au kusubiri?

Wengi Mombasa hukutana na maneno haya bila kuyatafuta. Kiungulia hakiishi, dawa za vidonda vya tumbo umeshazimeza mara mbili, na daktari anakuandikia ultrasaundi ya tumbo ahakikishe hakuna mawe kwenye nyongo. Ripoti inarudi: ini sawa, figo sawa, wengu sawa. Halafu chini kabisa mstari mmoja: mfereji mkuu wa kongosho umepanuka, milimita 5, vipimo zaidi vinapendekezwa.

Vipimo hivyo ni vipi? Kuna kipimo utakachofanya kesho hapa hapa mjini, kuna cha kupandia treni, kuna cha kulazwa, na kuna shauri la kukaa miezi kadhaa kisha kurudia picha. Bei zake ziko mbali mbali, na adha zake pia. Nautanguliza msimamo wangu: anayeanza kwa kuuliza mashine ipi ina nguvu kuliko zote huishia kulipa mara mbili. Aulize kwanza ile picha ya mwanzo imeacha swali gani. "Kuna uvimbe?" lina kipimo chake. "Mfereji umebana wapi, na una umbo gani?" lina chake. "Kile kivimbe kilichoonekana ni cha nini?" ni swali la tatu, na hilo ndilo linaloweza kukupeleka Nairobi.

Milimita hizo zinasema nini

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula. Kichwa chake kiko kulia, kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mwembamba. Mkia unaelekea kushoto kwenye wengu. Mfereji mkuu unapita katikati yake kutoka mkiani hadi kichwani ukibeba maji ya kusagia chakula, na mwisho wa safari hukutana na mrija wa nyongo, vyote viwili vikamwaga kwenye tundu moja la utumbo. Kwa mtu mzima upana wake ni kama milimita 3 kichwani, 2 katikati, 1 mkiani. Umri ukisonga hupanuka kidogo. Kwa hiyo milimita 3 na nusu kichwani kwa bibi wa miaka 80 si habari kubwa, lakini milimita hizo hizo mkiani kwa kijana wa miaka 35 zinataka maelezo. Ripoti nyingine huuita mfereji wa Wirsung, kwa jina la Johann Georg Wirsung aliyeuona akipasua maiti mjini Padua mwaka 1642. Mwaka uliofuata aliuawa, maskini, bila kujua kazi ya alichokiona.

Kupanuka ni foleni ya Likoni. Ukiona magari yamejipanga hadi mbali na kivuko unajua mbele kuna jambo, ila foleni yenyewe haikwambii kama feri moja imeharibika, kama ni siku ya sikukuu, au kama kuna ajali. Mbele ya mfereji panaweza kuwa na kovu la kongosho lililowahi kuvimba, au jiwe. Panaweza kuwa na saratani kichwani mwa kongosho, au uvimbe kwenye lile tundu la kutokea. Kwetu huku kwenye joto hata mnyoo wa askaris umewahi kukutwa humo ndani. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hukaza misuli ya tundu. Na kuna hali ambayo hakuna kilichoziba: ngozi ya ndani ya mfereji wenyewe inatoa ute mzito unaoujaza na kuutanua. Hiyo ripoti huiandika IPMN, na japo mara nyingi huanza bila ubaya, inaweza kugeuka saratani polepole.

Umbo la kupanuka lina maneno mengi kuliko kipimo cha milimita. Mfereji uliopanuka laini halafu ukakatika ghafla mahali pamoja, na nyama ya kongosho nyuma ya hapo ikawa imesinyaa, unatia shaka ya saratani hata kama uvimbe hauonekani. Uliobana hapa, ukapanuka pale, ukabana tena, na vijiwe vya chokaa pembeni, kwa kawaida ni kongosho lililochomeka na kuvimba kwa muda mrefu, yaani kongosho sugu. Uliopanuka wote mzima bila mahali pa kubana huelekeza kwenye ute. Kwa IPMN miongozo ya kimataifa, ya karibuni ikiwa ya Kyoto ya mwaka 2024, huweka mipaka miwili: milimita 5 hadi 9 ni dalili ya kutia wasiwasi na kuchunguza zaidi; kuanzia 10 mazungumzo ya upasuaji huanza, kwa aliye na afya ya kuuhimili.

Ripoti ikisema mifereji yote miwili imepanuka, wa kongosho na wa nyongo, soma mstari huo mara mbili. Kwa mtu aliyegeuka manjano, hiyo ni ishara nzito ya uvimbe kichwani mwa kongosho au kwenye tundu. Kwa asiye na umanjano, mwenye vipimo vya ini vilivyo sawa, uwezekano huo hushuka sana, ingawa uchunguzi bado unahitajika.

Asiye na nafasi ya kulinganisha

Macho yakiwa manjano, mkojo ukawa wa kahawia, choo kikapauka na mwili ukawa unawasha usiku kucha, usikae kulinganisha bei mwezi mzima. Hiyo ni CT, eksrei inayotoa picha za mwili kwa vipande, ndani ya siku chache. Homa na kutetemeka vikiongezeka juu ya umanjano, nenda chumba cha dharura usiku huo huo, maana nyongo iliyoziba imeingia wadudu na inaua kwa haraka.

Wengine wa kuharakishwa ni aliyepungua uzito bila kujinyima, mwenye maumivu ya chembe ya moyo yanayopenya hadi mgongoni, na mtu aliyepita miaka 50 aliyeshikwa na kisukari kipya huku anakonda. Huyu wa mwisho hupotea sana. Kila mtu anamsifu kwamba amepungua kwa sababu ameacha sukari, mahamri na mbaazi, na hakuna anayeuliza sukari yenyewe imetoka wapi.

CT na MRCP

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa zote mbili zipo Mombasa na daktari mwingine huandika hii, mwingine ile.

CT ya kongosho si sawa na CT ya tumbo ya kawaida, na tofauti hii ningependa kila mgonjwa aijue kabla hajalipa. Dawa ya kontrasti, ya kung'arisha picha, inadungwa mshipani, na mashine inapiga kwa kuvizia: mara ya kwanza sekunde kama 40 hadi 45 baada ya sindano, wakati kongosho limeng'aa kwa damu na uvimbe wa saratani, usiopata damu nyingi, unabaki na giza, mara ya pili kwenye sekunde 70 hivi, ini na mishipa mikubwa inapong'aa. Vipande vya picha vinakatwa vyembamba. Ukipigwa mara moja tu, tena kwa vipande vinene, unaweza kuambiwa "hakuna uvimbe" na usiwe umetafutwa. Muombe daktari aandike wazi kwenye fomu kuwa ni CT ya kongosho yenye awamu mbili, na kaunta uulize kama ndivyo watakavyofanya.

Chumbani mambo ni mepesi. Unalala, mkono wenye sindano juu ya kichwa, spika inakwambia vuta pumzi, shikilia. Dawa ikiingia joto linapanda kooni na kushuka hadi kinenani, na utahisi umejikojolea. Hujajikojolea. Mhudumu mzuri humwambia mgonjwa mapema, "Mama, utasikia joto huku chini, usiogope," na mambo yakaenda. Dakika chache umemaliza.

Kabla ya hapo watataka kipimo cha kreatinini kuona figo. Anayemeza metformini, dawa ya kisukari, aseme. Mwenye figo dhaifu huambiwa aiache kwa saa 48. Mjamzito aseme pia, kwa sababu ya mionzi. Na kwa sisi watu wa kamba na kaa: mzio wa viumbe vya baharini haukuzuii dawa ya kontrasti. Watu husema ni ile iodini, lakini mzio wa kamba unatokana na protini ya nyama yake. Kinachohusu ni kama uliwahi kudhurika na kontrasti yenyewe.

CT inaona vizuri uvimbe, inaona kama umegusa mishipa mikubwa, inaona kama ini limeshaingiliwa, na inaona chokaa na vijiwe kuliko kipimo kingine chochote. Daktari wa upasuaji anaamua juu yake kama uvimbe unatolewa au la. Udhaifu wake ni vimbe vidogo, hasa chini ya sentimita 2, na vile ambavyo rangi yake haitofautiani na kongosho linalovizunguka. Mara nyingine kinachovisaliti ni mfereji peke yake, uliokatika ghafla pasipo kuonekana cha kuukata.

MRCP hufanyika kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha kwa sumaku. Haina mionzi, na yenyewe haihitaji sindano: mashine inapangwa ing'arishe maji yaliyotulia, kwa hiyo nyongo na maji ya kongosho vinatokea vyeupe juu ya giza. Mfereji unauona wote tangu mkia hadi tundu, kila palipobana, na kila kifuko cha maji kilichoungana nao. Kwa swali la umbo hakuna kipimo kisichoingia mwilini kinachoishinda.

Gharama yake ni subira. Unakaa kama saa 4 bila kula. Unalala kwenye handaki nusu saa au zaidi, kelele za kugonga zikipigwa masikioni, na unaombwa ushikilie pumzi tena na tena; mzee anayekohoa au asiyeweza kutulia hutoa picha mbovu. Vyuma vyote vinavuliwa: bangili, pini za mtandio, hirizi iliyofungwa kwenye kibati. Mwenye kifaa cha kusukuma moyo asiingie mpaka aina ya kifaa ijulikane. Anayeogopa sehemu finyu aseme mapema apewe dawa ya kutuliza. Vituo vingine hukunywesha juisi ya nanasi kabla ya picha, na watu hudhani ni ukarimu. Nanasi lina manganizi, ambayo huzima mng'ao wa maji ya tumboni yasiifunike picha ya mfereji. Hospitali isiyotumia juisi inaweza kumpangia aliyefunga Ramadhani saa za alasiri, na njaa ikawa imehesabiwa mara mbili.

MRCP peke yake ina mapungufu mawili. Vijiwe vidogo vya chokaa inaviruka, na nyama ya kongosho pamoja na mishipa haioneshi vizuri mpaka iongezwe MRI kamili ya kongosho yenye kontrasti yake. Ukilipia MRI, uliza kama ni mfereji tu au kongosho lote. Tofauti ya bei mara nyingi ni ndogo kuliko kurudi mara ya pili.

Mwenye pesa ya kimoja tu afanye nini? Mwenye dalili nilizotaja juu, au aliyepita miaka 50 na sababu haijulikani, namwambia CT. Mwenye historia ya pombe, sigara au maumivu ya miaka mingi yanayokuja baada ya kula, CT pia, kwa sababu tunatafuta chokaa. Mjamzito, mwenye figo mbovu, kijana asiye na dalili, au mtu ambaye ultrasaundi imemuonesha vifuko vya maji, aende MRCP. Na aliyekwisha fanya CT nzuri isiyoonesha kitu, asirudie CT nyingine wiki ijayo kwa kuwa tu hospitali ya pili inataka picha zake. Abebe CD.

Picha za zamani

Hiki ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho kinachosahauliwa. Mfereji wenye milimita 4 tangu mwaka 2019 ni habari moja. Uliokuwa milimita 2 mwaka jana na leo ni 4 ni nyingine kabisa. Tafuta kwenye kabati bahasha za zamani, hata CT iliyopigwa kwa sababu ya mawe ya figo au ajali ya bodaboda, kwa maana kongosho limo humo pia. Mpe msomaji wa picha CD yenyewe. Karatasi ya ripoti haitoshi, kwa kuwa aliyesoma zamani huenda hakupima mfereji kabisa.

Kamera ya ultrasaundi, na safari ya Nairobi

Ultrasaundi ya kawaida inapigwa juu ya tumbo, na gesi ya utumbo huifunika kongosho, mkia ukawa wa kwanza kupotea. Kamera ya ultrasaundi, ambayo fomu huiandika EUS, inakwepa gesi kwa kupita kinywani. Ni mpira wa endoskopi wenye kijimashine cha ultrasaundi kwenye ncha. Ukifika tumboni na mwanzo wa utumbo, kongosho liko upande wa pili wa ukuta tu. Vimbe vya milimita chache, ambavyo CT imevipita, huonekana hapo, na kama kuna cha kutilia shaka daktari anapitisha sindano kwenye ukuta wa tumbo la chakula na kuchukua chembe za kupeleka maabara.

Utalala njaa saa 6 hadi 8, utapigwa nusu kaputi, na hutaruhusiwa kuondoka peke yako. Anayemeza dawa za kuyeyusha damu kama warfarini au klopidogreli aongee na daktari siku kadhaa kabla. Matatizo yake ni machache, ingawa sindano ikitumika kongosho linaweza kuvimba au damu ikavuja.

Kwa Kenya huduma hii imejikusanya zaidi Nairobi. Piga simu kwanza hospitali za Mombasa, usije ukasafiri bure. Ikibidi safari, Madaraka Express kutoka Miritini hadi Syokimau tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 daraja la kawaida, lakini usipange kurudi siku hiyo hiyo na dawa ya usingizi kichwani. Tuma CD mbele. Mara nyingine daktari wa Nairobi akiiangalia anasema hakuna haja ya kuja, na umeokoa nauli ya watu wawili.

Inastahili safari lini? Mfereji ukikatika ghafla na CT haioneshi uvimbe, hapo nenda hata kwa kukopa. Kifuko cha maji kikiwa na kinundu ndani yake, nenda. Mfereji wa milimita 5 na zaidi usio na sababu baada ya CT na MRCP, nenda. Saratani ikionekana na tiba ya kemo inapangwa kabla ya upasuaji, chembe zinahitajika, kwa hiyo nenda. Lakini kongosho lililojaa chokaa la mtu mwenye maumivu ya miaka 10 halina kipya cha kuambiwa na sindano, isipokuwa hali yake imebadilika. Na uvimbe ulioonekana wazi, unaotoleka, kwa mgonjwa aliye tayari, unaweza kupasuliwa bila biopsi, yaani bila kuchukua chembe kwanza. Familia nyingi hushtuka kusikia hivyo na kudai "kwanza tuhakikishe." Sindano ikikosa chembe za saratani haijasema saratani haipo, na daktari wa upasuaji atapasua vile vile.

Kuna dai jingine nalisikia sana: "Nilishapigwa kamera, tumbo liko sawa." Kamera ya kawaida ya vidonda inatazama mbele, na lile tundu la nyongo na kongosho liko ubavuni mwa utumbo. Inaweza kulipita bila kuliona sawasawa. Jibu safi la kamera ya vidonda halifuti mstari wa ripoti yako.

ERCP isitumike kutafuta jibu

ERCP nayo ni kamera ya kinywani, lakini inaingiza waya ndani ya tundu lenyewe na kujaza mfereji dawa chini ya eksrei. Ilianza mwaka 1968, na kabla ya MRCP kuja miaka ya 1990 ndiyo ilikuwa njia ya kuuona mfereji. Leo kazi yake ni kutibu: kutoa jiwe, kuweka mrija wa kupitisha nyongo, kukata kinyama kwenye uvimbe wa tundu. Sababu ya kuirudisha nyuma ni moja. Katika kila watu 100 wanaofanyiwa, 3 hadi 10 kongosho lao huvimba baadaye, na wachache huugua vibaya. Vituo vingi humpa mgonjwa dawa ya indometasini ya kuingiza njia ya haja kubwa ili kupunguza hatari hiyo. Si aibu kuulizia. Ukiandikiwa ERCP "tuangalie tu", uliza kwa upole, "Daktari, kuna kitu cha kutoa au cha kuzibua? MRCP haitoshi?"

Na mgonjwa wa manjano asiwekewe mrija kabla ya CT ya kongosho, isipokuwa nyongo imeingia wadudu na hakuna muda. Mrija ukishakaa, kichwa cha kongosho huvimba kidogo kuuzunguka, na CT inayokuja baadaye haisomeki vizuri. Huo mpangilio wa foleni, CT kwanza mrija baadaye, hauongezi shilingi hata moja.

Vipimo vya damu

Nitapita haraka. Vipimo vya ini, sukari ya miezi mitatu na lipesi (kimeng'enya cha kongosho) vinasaidia na ni rahisi. CA 19-9 watu hukikimbilia kama "kipimo cha kansa", na hakifai kuanzia. Nyongo ikiziba kinapanda hata bila saratani. Kuna watu ambao miili yao haitengenezi kabisa kinachopimwa hapo tangu kuzaliwa, na miongoni mwa weusi ni wengi kuliko kwa Wazungu, hivyo namba ndogo haiwapi usalama wowote. Kina kazi baada ya ugonjwa kujulikana, kufuatilia tiba.

Jibu likiwa kongosho sugu

Hapa upana una faida, jambo ambalo huwafariji watu kidogo. Mfereji uliopanuka vya kutosha, milimita 6 au 7 na kuendelea, unaweza kupasuliwa kwa urefu na kuunganishwa na utumbo ili maji yapite, na maumivu ya miaka yakapungua. Mwembamba hauwezi. Sigara na pombe, mnazi ukiwemo, viachwe. Sigara peke yake hulichoma kongosho hata kwa asiyegusa pombe.

Choo kikiwa na mafuta, kinaelea na hakiondoki kwa maji, mgonjwa anahitaji vidonge vya vimeng'enya, avimeze pamoja na chakula. Vidonge hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Mombasa hili lisemwe siku ya kwanza, kwa sababu nimeona mtu mzima akavificha kabatini na kuendelea kukonda kwa kuona haya kumwambia daktari. Mwenye shaka aende kwa sheikh na swali kamili: ni dawa, imebadilishwa kiwandani, na kwa sasa hakuna mbadala wenye nguvu sawa. Kanuni ya dharura masheikh wanaijua kuliko mimi.

Pesa na karatasi

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Kabla ya CT au MRI uliza kaunta kama idhini ya awali imetoka, inafunika kiasi gani, na kama kontrasti na kreatinini vinalipiwa kando. Maswali hayo matatu yaulize kwa simu, kabla ya kupanda tuktuk.

Kusubiri

Kusubiri ni chaguo halali kwa mtu fulani: mfereji chini ya milimita 5, umepanuka laini, CT au MRI nzuri imeshafanywa bila uvimbe, ini liko sawa, sukari iko sawa, uzito haujashuka. Huyo anaweza kurudia picha baada ya miezi 3 hadi 6, na ikibaki vile vile nafasi zikaongezwa. Kwa mzee wa miaka 85 ambaye hatataka upasuaji vyovyote itakavyokuwa, hata hiyo ya miezi 6 ijadiliwe naye kwanza, yeye mwenyewe, si wanawe peke yao mlangoni.

Kusubiri kabla ya picha yoyote nzuri ni jambo jingine, na hilo silishauri kwa yeyote. Ultrasaundi moja yenye gesi haikupi msingi wa kungojea.

Anayesubiri arudi kwenye mashine ile ile ikiwezekana, aina ile ile ya kipimo, na aombe ripoti iandike mfereji umepimwa sehemu gani: kichwani, katikati au mkiani. Milimita 4 za kichwani mwezi wa Machi na milimita 4 za mkiani mwezi wa Septemba si namba moja, na mtu wa kaunta hatakwambia.